Sura ya Saba: Kifuniko cha Mkia

Ndege ilikuwa imelazwa uani nyuma ya kituo, kati ya pikipiki zilizokamatwa na choo cha askari, imefunikwa turubai. Pua yake nyekundu ilikuwa imebonyea ndani kama pua ya bondia mstaafu, na bawa la kushoto lilibaki bawa kwa jina tu. Lakini mkia ulikuwa mzima. Mweupe, safi, umejisimamia kwa madaha kana kwamba yaliyotokea mbele hayauhusu.

Inspekta alifunua turubai upande wa mkia. Upande wa mbele alishautazama siku ya ajali, mwenye ndege akiwa bado ndani, na hakuwa na haja ya kuutazama tena.

"Nieleze upya," alimwambia mhandisi aliyetumwa na watu wa usalama wa anga. "Nieleze kama unayemweleza mama yako."

"Mama yangu ni mhandisi pia, afande."

"Basi mweleze mama yangu. Yeye alikuwa anauza mkaa."

Mhandisi alichuchumaa. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, wa kukunjika kama mita ya seremala. Aligusa kile kibawa kipana cha nyuma, kikapanda na kushuka kwenye bawaba zake bila kelele.

"Hiki ndicho kinachoamuru pua. Rubani akivuta mpini, kibawa kinapanda na pua inainuka. Akiusukuma, kinashuka. Sasa hapa kinapokutana na mwili wa ndege pana pengo baya, upepo unavurugika. Ndiyo maana wamelifinyangia kifuniko cha faiba. Kazi ya kifuniko ni kuziba pengo bila kukigusa kibawa. Unakikata kidogo kidogo, unajaribu, unakata tena, mpaka kibawa kiweze kupanda hadi mwisho na nafasi ya kidole ibaki."

"Na hapa nafasi ya kidole iko wapi?"

"Huku chini ipo. Huku juu haipo." Alionyesha ukingo wa kifuniko. Faiba ilikuwa imeng'atwa, nyuzi zake zimechomoza kama za mkeka uliochakaa. "Kibawa kilipanda, kona yake ikaingia chini ya ukingo, ikakaa humo. Ndege ikainua pua, ikazidi kuinua, mwisho ikakosa nguvu ya kujibeba. Marehemu alikuwa anausukuma mpini mbele kwa mikono miwili. Daktari amewaambia kuhusu vidole vyake."

"Ametuambia."

Wote wawili wakatazama kile kijikingo ambacho hakikuzidi unene wa sarafu.

"Kwa hiyo aliyekata kifuniko ndiye aliyeua," alisema Inspekta.

"Mimi naandika habari za faiba, afande. Habari za watu ni zako."

Habari za watu Mkuu wa Kituo alikwisha kuzimaliza. Aliyekikata kifuniko alikuwa mmoja, fundi wa kutengeneza matangi ya maji ya faiba, mdogo wake mke wa marehemu. Shemeji mtu. Aligombana na marehemu mbele ya majirani juu ya nani airushe ndege waliyoiunda pamoja, na mkesha wa ajali alionekana karakanani peke yake, anakata. Mkuu alitaka jalada lifike kwa mwendesha mashtaka kabla ofisi hazijafungwa alasiri, kosa likiwa ni mauaji. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema asubuhi ile, kisha akaenda kunywa chai, kwa sababu kwa Mkuu methali moja ilitosha mashahidi wawili.

Inspekta, mama mtu mzima, aliinama mpaka magoti yakalalamika. Alipitisha ukucha kwenye ukingo wa kifuniko, juu, pembeni, chini, akarudi juu. Kila mahali ukucha uliteleza. Rangi nyeupe ilikuwa imepita juu ya ukingo na kuufunika wote, isipokuwa palipong'atwa.

"Ndege hii ilipakwa rangi lini?"

"Wanasema miezi kadhaa nyuma."

"Ukikata faiba iliyopakwa rangi, ukingo unakuwaje?"

Mhandisi alimtazama. "Mtupu. Rangi ya mkojo, na nyuzi zinaonekana."

"Hii imevaa nguo mpaka shingoni," alisema Inspekta, akanyanyuka kwa kushika kiuno. "Haijaguswa na msumeno tangu ipakwe. Basi huyo mtu aliyeonekana mkesha wa ajali alikuwa anakata nini?"

*

Mjane alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbi tangu kituo kilipofunguliwa. Mwanamke wa makamo, kanga nyeusi imebanwa kwapani, mkoba mapajani, mgongo umenyooka. Inspekta alipopita, alisimama.

"Afande, mimi sijaja kulia. Nimekuja kusema neno moja, wala halibadiliki. Mdogo wangu hajaua mtu."

"Ulimwona akikata?"

"Nilimlea. Mama alipougua nilimbeba mgongoni nikienda naye shule. Mtu uliyembeba mgongoni unamjua."

"Nimebeba wengi, dada, na mmoja yuko gerezani. Kaa. Nikihitaji neno lingine nitakuita."

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja, viti vitatu, na dirisha lililotazama ukuta. Fundi wa matangi aliletwa na Sajenti, mtu mzito ambaye kituo kizima kilimwita Pipa, naye aliitika. Fundi alikuwa anajikuna mikono, polepole, kwa mazoea, kutoka kiwikoni hadi kifundoni.

"Kunguni wa mahabusu?" aliuliza Inspekta.

"Faiba, afande. Vumbi lake linaingia kwenye ngozi, linakaa kama upupu. Mke wangu alinihamishia mkekani mwaka wa kwanza wa ndoa."

"Na shemeji yako naye alikuwa anawashwa?"

"Yeye hakukata. Yeye alikaa."

"Alikaa wapi?"

Fundi aliacha kujikuna. "Ndani, kwenye kiti cha rubani. Kazi ya kulinganisha kifuniko inataka watu wawili. Mmoja ndani avute mpini, mwingine nyuma atazame kibawa kinapogusa. Yeye anavuta. Mimi nabandika tepu ya karatasi pale kinapogusa, natoa kifuniko, nakata mpaka kwenye tepu, napiga msasa, narudisha. Anavuta tena. Kikigusa tena, natoa tena. Siku nzima tulikuwa hivyo. Mpaka akavuta akasema, 'Mwisho,' na mimi nikaona kibawa kimepita bila kugusa. Tukanywa soda."

"Kwa nini usikae wewe na yeye akakata?"

"Hicho kiti?" Alitabasamu kidogo, tabasamu likaona aibu likaondoka. "Afande, kiti kile hakukikalia mtu mwingine. Si mimi, si dada, si watoto wake. Alisema hakuna makalio yatakayotangulia ya kwake. Ujana wake alifundishwa kurusha ndege za watu, akaishia kuunda bodi za mabasi. Majirani walimwita Rubani kwa kumcheka. Ile ilikuwa yake."

"Na wewe ulitaka kumtangulia."

"Hapana."

"Majirani walisikia. Ulimwambia akae chini, utairusha wewe."

Fundi aliangalia meza. "Nilisema. Tuligombana juu ya uzito."

"Uzito wa nini?"

"Wa ndege, afande."

Jibu lilikuja haraka mno, na macho hayakuja nalo. Inspekta aliliona, akaliweka pembeni kama mtu anayebakiza mfupa wenye nyama.

"Ndege ina chuma mkiani cha kukizuia kibawa kisipande kupita kiasi. Mhandisi amekipima, kipo sawasawa. Hukuona kama kibawa kimekifikia?"

"Kiko ndani, chini ya kifuniko hichohicho. Kifuniko kikiwa mahali pake hukioni. Ndiyo maana mtu wa ndani anasema, na wa nje anasadiki."

"Na kabla ya kuondoka siku ile, alikagua mpini?"

"Alikagua. Kushoto, kulia, mbele, nyuma. Nilikuwa nimesimama pale. Aliuvuta pale alipozoea kuuvuta. Kisha alipokuwa anakimbiza majanini, ndege ikarukaruka kwenye mabonde, nikamwona anauvuta kwa nguvu kuushusha mkia." Alianza kujikuna tena. "Akapanda. Nilidhani ametaka mwenyewe. Nilishangilia, afande. Watu watakuambia nilishangilia, na ni kweli."

"Mkesha wake ulikata nini peke yako?"

"Kava ya injini. Ukingo wa chini ulikuwa unasugua bomba la moshi. Niliuondoa upana wa unyasi."

"Nani alikuona?"

"Yule mama mshonaji wa jirani. Yeye hata nzi akipita anamwandikia hati ya kusafiria."

*

Karakana ilikuwa banda la bati lililoegemea duka la kushonea nguo, ukuta kwa ukuta. Ndani pana harufu ya rezini, ile gundi ya faiba, iliyokauka, harufu tamu inayokaa kooni. Stendi mbili za mbao za kubebea ndege zilibaki katikati, zimeachana kwa umbali wa kitu ambacho hakipo tena. Vikopo vya rezini vilikuwa vimegandisha brashi zake ndani. Misumeno ya chuma imepangwa ukutani kwa ukubwa, kila mmoja umechorewa kivuli chake kwa kalamu ili ukiondolewa ujulikane.

Pipa alifagia chini ya meza, kwa ufagio na kwa malalamiko. Inspekta alipiga magoti akapanga takataka juu ya gazeti. Vipande vya faiba vilikuwa vingi, vingine vyembamba kama kucha. Vya zamani vilikuwa vimeshika uchafu, havina rangi upande wowote: hivyo vilikatwa kabla ndege haijapakwa. Juu ya rundo palikuwa na utepe mmoja mrefu, mpya, unaometa pale ulipokatwa. Upande wake mmoja ulikuwa mwekundu.

"Mkia ni wa rangi gani, Sajenti?"

"Mweupe, afande."

"Na pua?"

Pipa aliutazama utepe. "Kwa hiyo alikata kava ya injini kweli. Mkuu hatafurahi."

"Mkuu atakunywa chai nyingine. Utie kwenye bahasha."

Mama mshonaji alikuwa anawasubiri mlangoni pake, utepe wa kupimia shingoni, amekwisha kuwatolea viti kabla hawajaombwa.

"Nimeshasema yote kwa yule askari wa kwanza," alisema akikaa. "Lakini sauti yangu haiishi. Uliza."

"Ugomvi ule. Ulisikia maneno yenyewe?"

"Bati lile, mama, hata mtu akiwaza nasikia. Shemeji alisema, 'Hii ndege imeandikiwa mtu mmoja na wewe ni watu wawili. Punguza tumbo, au kaa chini niirushe mimi.' Maneno hayo, mbele ya wateja wangu. Marehemu alinuna, akatoka bila kuaga."

"Tumbo," alisema Inspekta.

"Hukumjua wakati ule? Alikuwa na tumbo la heshima. Likitangulia yeye anafuata. Ila baada ya ugomvi akashika adabu. Dada wa watu alimkalia kooni, anampimia chakula kwa kikombe, hakuna kuongeza, hakuna cha jioni. Na ikawa. Mimi ndiye niliyekuwa napunguza suruali, nikimaliza hii anarudi na ileile. Mkewe alikuja hapa akasema, 'Unamwona? Wamenirudishia yule niliyeolewa naye.' Tulicheka." Aliivuta kanga yake begani. "Alicheka sana siku ile, maskini."

Inspekta alizitazama nguo zilizotundikwa ukutani. Kisha: "Ameacha nguo yoyote kwako?"

"Ovaroli yake ya kazi. Aliniletea nipunguze kiuno, nikachelewa. Mtu akifa na nguo yake iko kwako haiuziki wala hairudishwi. Hata kumpa mkewe nimeshindwa."

Aliichomoa chini ya kitambaa kingine, akaikung'uta. Ovaroli ya buluu, pana kama pazia, imefuliwa na kupigwa pasi. Mbele, chini kidogo ya mahali pa kitovu, palikuwa na duara jeusi la ukubwa wa kifuniko cha chupa. Kitambaa cha hapo kilikuwa kimesuguliwa mpaka kinang'aa.

"Doa hili nini?"

"Nilimuuliza. Nimelipiga sabuni, nimelipiga ndimu, haliondoki. Mpira huo, si mafuta. Mafuta yangetoka."

Inspekta aliweka ncha ya kidole gumba kwenye doa. Lilikaa sawasawa. Alilinusa, akalitazama kwa upande wa mwanga, akaikunja ovaroli taratibu na kuiweka kwapani.

"Sajenti, kiuno chako ni ngapi?"

"Afande?"

"Mama, mpime."

Mama mshonaji alikuwa amekwisha kusimama, utepe mkononi. Alizunguka Pipa kama mtu anayezunguka mbuyu, akasoma, akasoma tena.

"Kama marehemu alivyokuwa," alisema. "Kabla."

*

Uani, mhandisi alikuwa anafungasha vyombo vyake. Inspekta alimwomba asubiri. Kiti cha ndege na mpini vilikuwa vizima. Chuma cha mbele kilichobonyea walikwisha kukikata siku ya kumtoa marehemu, na nyaya za kwenda mkiani mhandisi alizipima moja moja akazikuta hazijakatika. Kilichokuwa kimekwama ni kona ya kibawa kwenye faiba tu, na yeye mwenyewe aliichomoa alipokiachia kibawa.

"Vaa," Inspekta alimwambia Pipa.

"Nguo ya marehemu, afande?"

"Nguo ya ushahidi. Vaa juu ya sare, usijifanye una baridi."

Pipa alivaa. Vifungo vilikubali bila furaha. Akapanda, akaminya mwili kati ya mbavu za ndege, akakaa. Askari wawili waliokuwa wanatoka chooni walisimama kutazama, wakaona uso wa Inspekta, wakakumbuka kazi.

Inspekta alikwenda nyuma, akachutama kando ya mkia, pale fundi wa matangi alipochutama siku nzima na tepu yake.

"Vuta mpini, Sajenti. Taratibu. Mpaka mwisho."

Kibawa kilianza kupanda. Kikapanda, kona yake ikakaribia ukingo wa kifuniko, ikapita palipokatwa kwa uangalifu, nafasi ya kidole ikabaki. Kikasimama.

"Mwisho," alisema Pipa.

"Una uhakika?"

"Hauendi tena, afande."

Inspekta alimwashiria mhandisi. Mhandisi alichungulia ndani, akainama karibu zaidi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Afande, njoo uone."

Kichwa cha mpini kilikuwa na mpira mweusi wa mviringo. Kilikuwa kimezama kwenye tumbo la Pipa, chini kidogo ya kitovu. Pipa alipousogeza mbele kidogo, doa la ovaroli likaonekana, na mpira ukarudi juu yake kama mhuri unaorudi mahali ulipogonga.

Hakuna aliyecheka. Pipa mwenyewe alilitazama tumbo lake kama mtu aliyeambiwa habari mbaya za ndugu.

"Shuka," alisema Inspekta. "Mhandisi, panda wewe. Huna tumbo la kusingizia."

Mhandisi alikaa. Alivuta mpini taratibu. Ulifika pale ulipoishia kwa Pipa, ukapita. Huko nyuma kibawa kiliendelea kupanda, kona ikapita sehemu iliyokatwa, ikafika sehemu ambayo haikuwahi kupimwa na mtu. Ikasugua. Ikazama chini ya ukingo kwa mlio mdogo mkavu, kama wa mtu anayevunja biskuti.

"Rudisha mbele."

Mabega ya mhandisi yalikaza. Mpini haukurudi. Alishika kwa mikono miwili, akasukuma, shingo ikamtoka mishipa. Inspekta alitazama mikono ile miwili kwa kitambo, kisha akaingiza bisibisi chini ya ukingo na kukikwamua kibawa mwenyewe.

"Walikata mpaka mwisho," alisema. "Ila ulikuwa mwisho wa tumbo."

"Alipopungua, mpini ukapata nafasi ya kwenda mbali zaidi," alisema mhandisi, bado amekaa, mikono mapajani. "Na alipokagua asubuhi aliuvuta pale mkono ulipouzoea. Majanini ndipo alipouvuta wote." Alifuta jasho. "Kama angebaki alivyokuwa, ingemchukua nusu ya uwanja zaidi kupaa. Lakini angeshuka."

"Iandike hivyo hivyo. Usiipambe."

*

Fundi wa matangi alisikiliza habari yote amesimama. Alipoambiwa akae hakukaa. Inspekta alimwonyesha utepe mwekundu, akamweleza habari ya rangi kwenye ukingo, kisha ovaroli, kisha mpini. Aliposikia "tumbo" alifumba macho.

"Sikutaka kulitaja," alisema. "Marehemu hasemwi tumbo."

"Ungelitaja ungelala kwako jana. Uko huru, bwana fundi. Jalada la mauaji nimelifunga. Mkuu amesaini, kwa kalamu yangu, kwa sababu ya kwake ilikataa kuandika."

Hakuonekana kama mtu aliyepewa kitu. Aliangalia mlango.

"Dada anajua?"

"Bado."

"Afande, yeye ndiye aliyempimia chakula. Kila siku. Kwa mkono wake." Alikaa sasa, ghafla, kama aliyekatwa kamba. "Mimi nilisema neno moja la hasira. Yeye akalifanya kazi. Akimwona marehemu amepungua anang'aa kama mtoto. Ukimwambia hivi, hatakula tena maisha yake yote."

"Hakuua mtu. Wala wewe."

"Wewe unajua. Mimi najua. Yeye hatajua, hata ukimsomea." Aliinamisha kichwa. "Andika ni mimi. Andika nilikata vibaya. Si uongo. Msumeno ulikuwa wangu. Ningeweza kutoa kifuniko nikakitazama kile chuma, nione kama kibawa kimekifikia. Sikutazama. Nilisadiki."

"Ukisema hivyo mbele ya Mkuu atakurudisha ndani kwa uzembe, na atafurahi."

"Nitarudi."

Inspekta aliufunga mfuniko wa kalamu. "Jalada litasema kilichotokea. Sipaki rangi karatasi za serikali. Lakini dada yako hasomi majalada, na mimi si mpiga mbiu. Mdomo ni wako. Ukishasema, usinitazame mimi nikusaidie kuurudisha."

Walitoka pamoja. Mjane alisimama kabla hawajamfikia, mkoba ukaanguka, hakuuokota. Alimshika mdogo wake mashavu kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku kama anayetafuta walipompiga.

"Niliwaambia," alisema. "Kila mtu nilimwambia."

"Si mauaji, dada," alisema Inspekta. "Mdogo wako hakukusudia ubaya. Unaweza kwenda naye."

"Najua. Lakini ilikuwa nini? Kitu gani kilichokikamata kile kibawa?"

Inspekta alimtazama fundi. Mashine ya kuandikia iliyokuwa inagonga chumba cha pili ikaacha kugonga.

"Ni mimi, dada," alisema fundi. "Nilibakisha faiba mkiani. Nilitakiwa nikague kibawa mpaka mwisho wake. Sikukagua."

Mikono ya mjane ilibaki mashavuni mwake, lakini haikuwa imeshika tena. Alimgeukia Inspekta.

"Ni kweli hakukagua?"

"Hakukagua," alisema Inspekta.

Mjane aliishusha mikono. Aliinama, akauokota mkoba, akaufuta vumbi kwa ncha ya kanga, upande mmoja na mwingine, kwa muda mrefu kuliko vumbi lenyewe.

"Nimekaa hapa tangu asubuhi," alisema, si kwa mtu hasa. "Mama mkwe ananiambia kaa nyumbani, aliyemuua mumeo asikuone. Nikamwambia mikono ile naijua." Aliutundika mkoba begani. "Usije nyumbani kwangu. Nikikuhitaji nitamtuma mtu."

"Sawa, dada."

"Na usiniite hivyo leo."

Alitoka. Fundi alisubiri mpaka amefika getini, ndipo akaanza kutembea, akiacha kati yao nafasi ya watu wanaokwenda sehemu mbalimbali. Barabarani mjane alisimama kupisha lori. Yeye naye alisimama, huko nyuma, mpaka alipovuka.

Pipa alikuwa ameegemea fremu ya mlango, ovaroli imekunjwa mkononi. Aliwatazama mpaka kona ikawameza, mmoja kisha mwingine.

"Afande," alisema, "yule tumemwachia au hatujamwachia?"

Inspekta aliichukua ovaroli mkononi mwake, akaitazama, akaikunja upya ili doa liwe ndani.

"Sisi tumemwachia," alisema.